Tuisheni ya historia ya jioni, Makole: Ulaya baada ya Roma

Nina bucha Chang'ombe, na najiandaa kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Historia ya Ulaya ilikuwa inanisumbua sana. Kila noti niliyopata ilianza na ukabaila ukiwa umeshasimama, mabwana huku na watwana kule, bila kueleza ulitokea wapi. Niliwahi kulipia tuisheni kwingine nikapewa karatasi za kukariri na kuambiwa eti hayo hayaulizwi. Darasa hili la Makole limenijibu, ndiyo maana naliandikia kwa furaha.

Mwalimu ni mstaafu, anafundishia sebuleni kwake jioni za Jumanne na Alhamisi, Sh 25,000 kwa mwezi. Tunachanganyika vijana wa shule, watahiniwa wa kujitegemea na wachache wa chuo. Viti vya plastiki, ubao mmoja, na umeme ukikatika anawasha taa ya sola tunaendelea.

Kilichonishika mwanzoni ni kwamba haanzi na mwaka 476, unaohesabiwa kuwa mwisho wa dola ya Roma ya magharibi, kama wengine. Anaanzia Afrika. Mwaka 439 Genseric, mfalme wa Wavandali, kabila la Kijerumani, aliteka Carthage, ambayo leo iko Tunisia. Nafaka na kodi za upande ule ndizo zilizokuwa zinalisha Roma na kuwalipa askari wa magharibi. Mwaka 468 Constantinople, mji mkuu wa Roma ya mashariki, ilituma kundi kubwa la meli kwenda kuikomboa Carthage, zikachomwa moto karibu na Rasi ya Bon. Ukishalielewa hilo, habari ya Odoacer, kamanda wa askari wa kigeni Italia, kumwondoa madarakani kijana Romulus Augustulus, kaizari wa magharibi, mwaka 476 haikushangazi tena: hazina ilikuwa imekauka, na askari walikuwa wanadai mashamba Italia.

Kutoka hapo anatuvusha polepole. Mfalme asiye na fedha ya mishahara humpa askari ardhi. Askari akishakula kwenye shamba lake, kodi inapungua umuhimu. Kodi ikififia, makarani wa kuihesabu hawahitajiki, na mji uliokuwa ukiishi kwa kodi unasinyaa. Mambo haya yalichukua vizazi na vizazi, na hayakwenda sawa kila mahali, lakini ndipo nilipouona ukabaila unaota.

Kuna jioni kijana mmoja wa chuo alisimama akasema Roma haikuanguka, ilibadilika tu. Mwalimu alimpa haki yake. Alitueleza jinsi Theodoric, mfalme wa Wagothi (kabila jingine la Kijerumani) aliyetawala Italia kuanzia 493 hadi 526, alivyowabakiza maofisa wa Kirumi kazini, na barua zake zikiandikwa na Cassiodorus, Mrumi mwenye elimu kubwa. Kisha akatuonyesha picha mbili. Moja ni sahani nyekundu laini ya Afrika Kaskazini, ya aina iliyosambazwa pande zote za Mediterania. Nyingine ni chungu cha Uingereza cha karne ya 5, kilichofinyangwa kwa mkono, kizito, ukingo umepinda, kwa sababu huko gurudumu la mfinyanzi lilikuwa limeachwa. Akamwambia, "Mwanangu, kamweleze mwenye chungu hiki kwamba hakuna kilichoanguka." Mimi niko upande wa mwalimu. Anayesoma barua za wakubwa peke yake ataona mambo yanaendelea vizuri, lakini jiko la mtu wa kawaida linatoa ushahidi mwingine.

Alhamisi ya sheria za Wafranki, kabila la Kijerumani lililotawala eneo la Ufaransa ya leo, ndiyo iliyonifanya nijisikie darasa ni langu. Ukiua mtu, unalipa fidia kwa ndugu zake: Mfranki huru ni solidus 200, yaani sarafu za dhahabu, na Mrumi ni 100. Katika Lex Ripuaria, sheria ya karne ya 7, ruhusa ipo ya kulipa kwa mali, na bei zimeandikwa. Upanga na ala yake ni solidus 7, bila ala ni 3. Ng'ombe dume ni 2, lakini awe na pembe, awe anaona, awe mzima. Mwalimu aliposoma hapo akaniangalia: "Mama, wewe mtu wa mnada, kwa nini waandike awe anaona?" Nikawaeleza darasa zima kwamba pale mnadani Msalato naanza na macho kabla sijagusa nundu, maana ng'ombe kipofu akisimama katikati ya wenzake humtambui, na muuzaji hatakwambia. Mtunga sheria yule alikuwa anawajua wauzaji. Tukapiga hesabu: maisha ya Mfranki mmoja, ng'ombe 100. Sijawahi kuona darasa la historia likichangamka vile.

Sasa kasoro. Ramani anazotoa ni fotokopi ya fotokopi, Mto Rhine huwezi kuutofautisha na mpaka, na kwa ada tunayolipa zingeweza kuchapwa upya. Charlemagne, mfalme wa Wafranki, alimpitisha mbio mno: kutawazwa kuwa kaizari Roma tarehe 25 Desemba 800, na sarafu zake, dinari za fedha 240 kwa ratili, vyote jioni moja, wakati Odoacer alipewa wiki. Pia anafundisha kwa Kiswahili, na mtihani ni wa Kiingereza. Kuelewa unaelewa kweli, ila istilahi utajitafutia mwenyewe nyumbani, na kwa anayerudia mtihani hilo ni mzigo.

Anayetaka majibu ya mitihani iliyopita hapa hatayapata. Anayetaka kuelewa, aje, tena akae mbele kwa sababu sauti ya mzee haifiki nyuma. Nimeshalipia awamu ijayo, inayoanza na mkataba wa Verdun wa 843, uliogawa dola ya Charlemagne kwa wajukuu zake, na Waviking, mabaharia wavamizi wa kaskazini. Nimemwomba kipindi cha Alhamisi kianze saa kumi na mbili na nusu ili sisi wenye maduka tuwahi, na amesema atawauliza wengine kwanza.