Printa ya lebo kwa kadi za QSL: ipi inafaa kwa joto la Tanga?

Kadi ya QSL, ile ambayo wapenda redio hutumiana kuthibitisha kuwa wamezungumza hewani, ina sentimita 14 kwa 9, na kinachohakikiwa ni lebo ya nyuma: kituo ulichozungumza nacho, tarehe, saa ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), bendi ya masafa, modi (sauti, Morse na kadhalika) na ripoti ya RST, yaani jinsi mawimbi yalivyosikika. Mpokeaji anaweza kuikalisha miaka mingi kabla ya kuitoa kuombea tuzo ya DXCC, ya waliozungumza na nchi nyingi. Printa ipimwe kwanza kwa muda ambao maandishi yake yatadumu.

Brother QL-800 ndiyo rahisi kutumia. Ina dpi 300 (nukta kwa inchi), kwa hiyo sifuri yenye mkwaju haichanganywi na O hata kwa fonti ya 8, na lebo ya DK-11209 (milimita 29 kwa 62, rola moja lebo 800) hubeba mistari minne ya mawasiliano bila kubanana. Taa ya Editor Lite ikiwaka, kompyuta huiona printa kama diski na haichapi kitu. Bonyeza kitufe chake mpaka izime. Udhaifu wake ni karatasi. Haitumii wino, inaunguza karatasi ya joto, na kila aliyewahi kutunza risiti ya EFD anajua mwisho wake. Jua huifuta, gari lililofungwa mchana huitia weusi, na albamu ya plastiki laini hula maandishi taratibu.

Dymo LabelWriter 550 iache. Inasoma chipu iliyo kwenye rola na kukataa rola isiyo ya Dymo, na kwa mtu wa Tanga hiyo ni kuagiza kila mara. Printa ndogo za bluetooth nazo, nyingi ni dpi 203 na programu zake za simu hazisomi faili la ADIF, ambalo programu za logi (daftari la mawasiliano) hutoa. Utaandika kadi moja moja.

Kwa anayetuma kadi nyingi, chaguo letu ni printa ya utepe, mfano Zebra GK420t, hata iliyotumika. Utepe wa nta huhamishia wino kwenye lebo ya karatasi ya kawaida, na jua haliufuti upesi. Ni dpi 203, basi tumia fonti ya 9 kwenda juu na mistari mitatu. Utepe uzidi upana wa lebo kwa milimita chache. Lebo zikitoka nyeupe, huenda utepe umegeuzwa: gusisha gundi ya lebo kwenye kila upande, ule utakaoacha weusi ndio wa wino, nao uielekee lebo.

Kadi chache? Printa ya leza na karatasi ya A4 yenye lebo 24 za milimita 70 kwa 37 inatosha. Karatasi iliyokwishabanduliwa lebo kadhaa usiirudishe: joto la ndani hulegeza zilizobaki, zikajiviringisha kwenye rola za ndani ya printa, na fundi atakula hela. Wino wa maji wa inkjeti huchuruzika kwa unyevu wa pwani.

Mwambie mchapishaji upande wa nyuma wa kadi using'arishwe, la sivyo lebo itajikunja pembeni. Rola za lebo zikae kwenye mfuko uliofungwa pamoja na silika jeli. Gundi iliyolainika huganda kwenye kisu cha kukatia.

Ukipitisha logi kwenye Excel, ifanye safu ya saa kuwa maandishi kabla ya kuingiza data, maana 0045 hugeuka 45. Halafu angalia saa. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu: mawasiliano ya saa nane usiku, tarehe 14 Machi, huandikwa 2300 ya tarehe 13. Logi ikiwa imewekwa saa za hapa, lebo itatoka safi ila tarehe si yake, na ukiisahihisha kwa kalamu DXCC hawaipokei. Chapa nyingine.