Rivyu ya kibanda cha Chini ya Jiwe, Nyegezi: kwa fasti yia mnaotoka mbali

Wadau, vyuo vinakaribia kufungua na naona watu wanauliza kuhusu hosteli, godoro, ndoo, neti, mpaka pasi ya umeme, ila sijaona anayeuliza atakula wapi. Mi nimemaliza mwaka wa kwanza hapa kwenye chuo kimoja kidogo upande wa Nyegezi, nimetoka Tanga, na ukiniuliza ni huduma gani Mwanza inastahili rivyu kabla ya zingine zote nakwambia ni kibanda cha mama mmoja hivi nje ya geti letu. Hakina jina wala bango, kimeegemea jiwe kubwa kama nyumba, kwa hiyo tunapaita Chini ya Jiwe yakaisha. Natoa nyota nne. Ya tano iko wapi nitafika huko.

Menyu haijaandikwa popote, unaisikia ukifika. Asubuhi kuna chai ya rangi na ya maziwa, chapati, maandazi, uji, na kuna siku anapika michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande vikaanikwa juani mpaka vikauke, anaviweka na karanga, aisee usividharau, vinakushikilia tumbo mpaka saa nane mchana wakati aliyekula maandazi matatu ameshaanza kuangalia saa kwenye lekcha ya saa nne. Mchana ni wali maharage buku mbili, ugali dagaa buku mbili, ugali sato kuanzia buku nne inategemea samaki mwenyewe kakaaje, na ugali wa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa yakapikwa na karanga, hiyo ni buku jero na ndo inayookoa watu mwisho wa semesta. Nyama ipo ila sijawahi kuona sababu ya kula nyama ukiwa kilomita mbili kutoka ziwani.

Sasa hakuna aliyenipa hii kabla sijaja: menyu ya hapa inafuata mwezi, na nasema mwezi wa angani siyo wa mshahara. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa, wavuvi wanawasha taa juu ya maji dagaa wanajikusanya wenyewe kwenye mwanga, kwa hiyo kukiwa na mbalamwezi kali taa zinakosa nguvu, dagaa wanatawanyika na wavuvi wengi wanapumzika. Zile siku ugali dagaa unapanda au haupo kabisa. Ukiwa na bajeti ya kuungaunga hii habari ni muhimu kuliko ratiba ya testi, mi saivi nikiona mwezi umejaa najua kabisa wiki hiyo ni ya nsansa na maharage.

Kuhusu mchanga nitasema ukweli. Dagaa wanaoanikwa chini ufukweni wanabeba mchanga, wanaoanikwa kwenye vichanja wanakuwa safi ila bei juu kidogo. Mama anasema yeye ananunua wa kwenye vichanja tu na nadhani mara nyingi ni kweli kwa sababu dagaa wake ni wazuri, anawakaanga wakavu afu anarudisha na nyanya na pilipili mbuzi, lakini kuna siku jino lako litakwambia vingine. Ukilalamika anakuongezea mboga bila maneno mengi. Hilo nampa alama.

Samaki sasa. Sisi tuliokulia pwani tunakuja huku na midomo mirefu, mara samaki wa ziwa hana ladha, mara kapoa, mara hajapikwa na nazi. Wenyeji nao watakujibu samaki wenu wa baharini kazi yake kunywesha watu maji. Mi baada ya mwaka msimamo wangu ni huu, sato wa kukaanga akiwa wa leo, na ndimu na kachumbari pembeni, hana deni na mtu. Sangara ndo bado sijamwelewa vizuri, mafuta mengi, ila Jumamosi mama anapika supu ya vichwa vya sangara na hiyo ni kitu kingine kabisa. Unajua sangara kaletwa tu ziwani miaka ya 50 na 60 huko, leo minofu yake inaenda viwandani inapakiwa inapelekwa Ulaya, huku mtaani tunabaki na vichwa na mifupa, na kwenye kichwa cha sangara ndo kuna nyama tamu, kwa hiyo sijui nani anamwibia nani hapo. Fika kabla ya saa nne asubuhi, ikizidi hapo utakuta sufuria linaoshwa.

Kilichonishangaza zaidi ni ugali wa muhogo. Mtu wa Tanga anajua bada, na kila mkoa niliopita kwenye lile basi (Tanga mpaka Mwanza ni safari ya kula siku na usiku wake, magoti yanabadilika umbo) nilikuwa najiambia bada ndo basi tena mpaka likizo. Afu nafika huku kanda ya ziwa nakuta watu wanasonga udaga, muhogo uleule, kama kawaida, mama anachanganya na mahindi kidogo, rangi ileile ya kijivu, harufu ileile ambayo watu wa Dar wanaikimbia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu kuwa kigeni na kitu cha kwanza kuwekewa mezani ni cha kwetu. Ukikitaka agiza mapema, hasongi kila siku.

Lakini siyo chakula pekee kilichofanya niandike, maana kwa chakula peke yake ningempa tatu akawa na sababu ya kuninunia. Pale kuna meza moja tu. Ni mbao ndefu na mabenchi mawili, full stop, hakuna vimeza vya watu wawili wala kona ya kujificha na simu. Kwenye kantini ya chuo unaweza kula muhula mzima peke yako ukiangalia ukuta, kila mtu na kiti chake cha plastiki, hakuna anayekuuliza. Hapa ukikaa unabanana na mtu, lazima umwombe chumvi, lazima umpitishie jagi, na kwa sababu chuo chetu ni kidogo yaani kozi zenyewe za kuhesabu, yule uliyempitishia jagi leo kesho uko naye kwenye kundi la asaimenti. Marafiki zangu karibu wote nimewaokota kwenye lile benchi na sikufanya juhudi yoyote zaidi ya kuwa na njaa.

Kuna sheria ya pale lakini. Unasalimia kwanza. Ukija umevaa earphone unasema "wali maharage mmoja" bila shikamoo, mama anakuangalia, anasema "haya", na utahudumiwa baada ya kila mtu, hata waliokuja nyuma yako. Nimeona jamaa wa Dar anasubiri mpaka kipindi kinaanza. Asubuhi ukimwambia "mwangaluka mama", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata kama kwa lafudhi mbovu unapata chapati iliyotoka jikoni muda huohuo, na ukimaliza ukasema "wabeja", yaani asante, meza nzima inakucheka na kukupenda kwa wakati mmoja. Wanafunzi wengi pale ni wa Magu, Misungwi, Sengerema, Kwimba, wakinoga wanahamia Kisukuma na wewe unabaki unatabasamu tu hujui umetukanwa au umesifiwa, na mama ndo anawakata, "ongeeni Kiswahili nyie, kuna mgeni." Alinisemea hivyo wiki za mwanzo. Saivi hasemi tena, anawaacha waongee, na mi nashika nusu nzima.

Tatizo la kutoka mbali kwenye chuo kidogo siyo masomo, niwe mkweli. Ni Ijumaa jioni. Wenzako wanabeba mabegi, huyu anapanda daladala kwenda Kisesa, yule anaenda Sengerema, na tangu lile daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, hata wa Geita anafika kwao bila kusubiri kivuko. Ikifika saa moja usiku hosteli imekuwa kama shule imefungwa, mmebaki wa Mtwara, wa Tanga, wa Zanzibar, na yule wa Mbeya asiyeongea. Kibanda Jumamosi kiko wazi mpaka jioni na hapo ndo unaona thamani yake, kwa sababu wateja ni sisi tuliobaki na madereva boda, mama hana haraka, anakaa anachambua mboga anauliza kwenu mnapikaje hiki. Ukikosa kuonekana siku mbili anatuma mtu hosteli. Kuna mwenzetu alishikwa na malaria amejifungia ndani, aliyegundua alikuwa mama kwa sababu hajaja kula, matroni wa hosteli alipata taarifa baadaye.

Na atakukemea. Alisikia tunapanga kwenda kuogelea ziwani, akatutolea macho, akaanza somo la kichocho, konokono wa kwenye maji ya kingo, majani, vijidudu vinavyopenya kwenye ngozi, kila kitu sahihi kabisa mpaka mwanafunzi wa afya aliyekuwepo akawa anaitikia tu kwa kichwa. Nendeni mkapige picha kule kwenye Jiwe la Bismarck kama wenzenu, ndo jibu lake.

Daftari. Ndiyo, anakopesha, na kila fasti yia akisikia hivyo macho yanawaka. Taratibu. Hakopeshi uso mpya, lazima akuzoee kwanza, na unaandika mwenyewe kwa mkono wako jina, tarehe na ulichokula. Hela ya kujikimu ikichelewa hili daftari ndo linalosomesha watu hapa, wenye bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, na sisi tunaosubiri ya kutoka nyumbani, wote tuko ukurasa mmoja. Ila deni likikaa anakusoma jina kwa sauti mbele za watu huku anatabasamu, na wahadhiri nao wanakula palepale. Hii nyingine mjiandae nayo kisaikolojia, chuo kikubwa unaweza kutoroka kipindi ukapotea kwenye umati, hapa umekosa lekcha ya saa mbili afu saa tano umekaa na chapati mdomoni, mwalimu mwenyewe anavuta benchi mbele yako anaomba pilipili. Hakuna wa kukuokoa. Kwa upande mwingine mwalimu akiwa na sahani ya ugali anajibu kirahisi kuliko akiwa ofisini, maswali yangu ya takwimu mengi yamepata majibu pale.

Mapungufu sasa ili msiseme nimelipwa. Moshi, anatumia kuni upepo ukigeuka unarudi kipindini unanukia kama samaki wa kubanikwa. Nzi wakati wa mchana wapo. Chenji ni shida ya kudumu, ukija na noti ya elfu kumi asubuhi utaambiwa kaa nayo, lipa namba anayo ila simu anaiacha nyumbani kwa mwanaye. Maji ya jagi anasema ya kuchemsha, mi nakuja na chupa yangu. Maharage Jumatatu huwa yanazidi chumvi, sijui kwa nini Jumatatu. Chapati ilikuwa mia tatu tukaondoka likizo kurudi imekuwa jero na imepungua kipenyo, tumelalamika, katuonyesha bei ya unga na mafuta, tumenyamaza.

Mvua ndo inamnyima ile nyota. Jiwe linakinga upande mmoja, huku kwingine ni turubai lenye matundu, na vyuo vikifungua tu mvua za vuli zinakuwa zimeshaanza, maji yanashuka kutoka mlimani yanapita katikati ya miguu yako na sahani iko mkononi. Zile siku anafunga mapema. Na Jumapili hafungui kabisa, anaenda kanisani afu shambani, haki yake, ila kwa mtu wa mbali Jumapili ndo siku ndefu kuliko zote na ndo siku pekee pale hakuna mtu.

Hilo tumelitatua wenyewe. Sisi tunaobaki tunachanga buku mbilimbili Jumamosi jioni, mmoja anatumwa soko la samaki la Kirumba mwaloni kufuata samaki maana mtaani bei inakuwa imeshapanda, na Jumapili tunapika kwenye chumba cha yule wa Mtwara, yeye ana jiko la gesi na sufuria kubwa. Yule wa Mbeya tuligundua ndo anayejua kupika wali kuliko wote. Fasti yia yeyote wa mbali anakaribishwa, njoo na sahani na kijiko chako maana havitoshi, na ninyi mnaokuja kutoka Tanga, Lindi na visiwani tafadhali bebeni nazi kwenye hayo mabegi, za sokoni huku bei yake inauma na nyingi ukizivunja zimeshachacha.