Kadi za mfuatano za darasa la tatu: nunueni, ila picha zifichwe

Hizi kadi nimezitumia muhula mzima, darasa la tatu, watoto 78, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona. Ni bahasha ya kadi 32, ndani kuna habari sita, mtoto anazipanga kipi kianze kipi kifuate: ukuaji wa mbu, kilimo cha mahindi, kunawa mikono, kusonga ugali na nyingine mbili ambazo hapa sizielezi. Nilinunua elfu kumi na tano duka la steshenari pale stendi, hela yangu ya mfukoni, walimu mnaelewa.

Siku ya kwanza nilifurahi sanaa, makundi yote sita dakika tano yamemaliza na yamepata. Halafu nikamwita mmoja wa kundi la mbu anisomee kadi aliyoweka ya pili, kimya. Hajaisoma! Kaangalia picha tu, yai, kiluwiluwi, mwisho mbu anaruka, nani atakosea hapo? Kesho yake nikabandika vikaratasi juu ya picha zote na hapo ndo kazi ikaanza.

Kwenye mahindi kuna sentensi "Kabla ya kupukuchua, hakikisha mahindi yamekauka vizuri". Karibu kundi zima wakaweka kupukuchua mbele kisa limetajwa mbele. Kwenye hadithi hawapati shida hii maana wamezoea ile -ka-, akaenda akachota akarudi, mpangilio unajileta wenyewe, lakini maandishi ya maelezo yamejaa "kabla ya", "baada ya", "yakishakauka", mtoto asipokishika hicho kineno ndo kapotea hivyo. Siku hizi tunayazungushia kwanza kwa kalamu nyekundu ndo tunapanga, na hapo kadi zinalipa kweli.

Ugali nao ulileta kesi. Kadi inasema maji yachemke kwanza, binti mmoja akagoma kabisa, kwao mama anakoroga unga kwenye maji ya baridi ndo anabandika jikoni. Na hajakosea, hata mi kwetu ndo hivyo! Nikamwambia sawa, huo ni wa kwenu, wa kwenye kadi unasemaje? Akarudi kusoma kanuna, ila akasoma.

Sasa ubovu wake. Karatasi laini mno, wiki ya tatu pembe zote zimejikunja, nikapeleka laminesheni ikala hela nyingine. Na kwenye mbu wameandika "buu" kadi ya pili, ya tatu tena "buu", wakati ya tatu ni pupa, watoto wakabaki wanabishana ipi ianze na makosa si yao, nimekata kwa kalamu nikaandika mwenyewe.

Mwezi ujao naongeza bahasha ya pili, maana watoto kumi na tatu kwenye habari moja wanaosoma ni watatu, wengine wanagombania kushika kadi.