hledger: daftari linalokataa hesabu mbovu za wakala wa akili mnemba

Mimi ni mweka hazina wa chama cha kina mama kumi na wanne hapa Likoni, Mombasa. Michango yote hupitia M-Pesa, kwenye laini moja tuliyoitenga kwa kazi hiyo. Kwa muda mrefu kila mwisho wa mwezi nilikesha na taarifa ya M-Pesa na daftari la mkono, na kila mara kulikuwa na shilingi mia na kitu isiyojulikana ilikokwenda. Hiyo ni pesa ya watu, na mimi ndiye ninayeulizwa.

Nilianza kwa kumpa wakala wa akili mnemba, yaani programu ya AI inayofanya kazi kwa niaba yako, ile taarifa ya M-Pesa ikiwa PDF ajumlishe. Akaniletea jedwali safi, lenye vichwa na jumla, na jumla yenyewe haikuwa ya kweli. Hapo nikajua ninachohitaji ni daftari litakalomkagua yeye.

Nimelipata kwenye hledger. Ni programu ya bure iliyoanzishwa na Simon Michael mwaka 2007, akifuata njia ya Ledger ya John Wiegley ya mwaka 2003. Hesabu zinakaa kwenye faili la maandishi ya kawaida, nawe unaandika amri kuuliza unachotaka. Kila muamala una pande mbili, pesa ilikotoka na ilikokwenda. Pande zisipolingana, programu inagoma na kukutajia mstari wenye kosa.

hledger haisomi PDF, kwa hiyo kwanza naigeuza kuwa CSV, faili la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa mkato. Kisha kuna faili la kanuni ambamo unaieleza kila safu ni ya nini: risiti, saa, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, salio. Utamu wote uko kwenye hiyo safu ya salio. Ukiiita `balance` ndani ya kanuni, kila muamala unaingia na sharti lake: baada ya hapa lazima kibaki kiasi hiki hasa.

Sharti hilo lilifanya kazi wiki ya kwanza. Ukituma shilingi 800 kwa M-Pesa, taarifa inaonyesha mistari miwili, mmoja wa 800 na mwingine wa ada ya 13, na yote miwili ina namba ileile ya risiti. Wakala aliona risiti zinajirudia akadhani ni nakala, akafuta mistari yote ya ada bila kunieleza. Kwenye jedwali lake la zamani nisingegundua kamwe. hledger ilikataa papo hapo: salio lililotarajiwa na lililopatikana yalipishana kwa shilingi 13. Nilipoiona hiyo 13 nilijua ile mia na kitu yangu ya kila mwezi ilikuwa ikipotelea wapi.

Mwongozo wake nausifu zaidi ya programu yenyewe. Umefungwa ndani ya programu, unaufungua kwa `hledger help` hata bila intaneti, na unalingana na toleo ulilo nalo. Kwa wakala hili ni jambo kubwa, kwa sababu akiachwa ajibu kwa kumbukumbu zake hubahatisha. Mimi nimezipa akaunti majina ya Kiswahili, `mali:mpesa`, `michango`, `matumizi:ada`. hledger hutambua aina ya akaunti kwa majina ya Kiingereza, kwa hiyo ya kwetu lazima uyatangaze aina. Wakala akayapa matumizi herufi E. Ripoti ya mapato na matumizi ikatoka bila matumizi hata senti, kwa sababu E ni ya mtaji na matumizi ni X. Mwongozo unasema hivyo waziwazi, hakuufungua.

Tangu siku hiyo nimemwandikia ukurasa mmoja wa maagizo, kwa Kiswahili, anaousoma kabla ya kugusa chochote. Soma mwongozo wa toleo hili kwanza. Risiti moja inaweza kuwa na mistari miwili, usifute. Usibuni akaunti mpya, na kila ukimaliza endesha `hledger check --strict`, ambayo hukataa akaunti isiyotangazwa. Salio likigoma, simama uniulize. Usiongeze mstari wa kusawazisha. Hili la mwisho nimeliandika mara mbili.

Majina ya wanachama wakala hayaoni. Kabla ya kumpa CSV nayabadilisha kuwa M01 hadi M14, na orodha ya nani ni nani iko kwenye karatasi kabatini.

Ugumu upo. Asiyezoea dirisha la amri atahangaika siku mbili tatu, na mwongozo ni mrefu na wa Kiingereza. Ukipakua taarifa ya siku moja tu, ambayo huanza na muamala wa mwisho, lazima uongeze kanuni ya `newest-first`, la sivyo masalio yanagoma ingawa hesabu ni sahihi. Hapo nilipoteza asubuhi nzima.

Mkutano uliopita mwenyekiti aliniuliza ada zimekula kiasi gani tangu Januari. Niliandika `hledger balance matumizi:ada -M`, nikamsogezea kompyuta. Akavaa miwani, akasoma mwezi mmoja mmoja kwa sauti, na wenzetu wakaandika kwenye vijitabu vyao.