Biblia ya Familia Yenye Kurasa za Kumbukumbu: Tathmini Baada ya Miaka Mitatu

Bidhaa ninayoitathmini ni ile Biblia kubwa inayouzwa kwa jina la Biblia ya familia. Ina jalada gumu lililovikwa ngozi bandia, kingo za kurasa zilizopakwa rangi ya dhahabu, na tepe mbili za kuwekea alama. Kati ya kitabu cha Malaki na Injili ya Mathayo zimo kurasa nne za karatasi nzito zenye mistari ya kuandikia ndoa, watoto na vifo vya nyumba husika. Mimi na mume wangu tuliinunua wiki chache kabla ya harusi yetu, na sasa imetimiza miaka mitatu mezani kwetu. Sitamtaja mchapaji wake, kwa sababu kasoro nyingi nitakazozieleza nimezikuta pia katika Biblia za aina hii ambazo ndugu zetu wamenunua kwa wachapaji wengine. Niseme mapema kwamba kama kitabu cha kusomea ni cha wastani tu. Kama daftari la nyumba sijaona kitu cha kuwekwa mahali pake, ingawa ni katika kurasa hizo nne ndipo mchapaji alipotumia uangalifu mdogo kuliko kwingine kote.

Nianze na usomaji, ambao hauna mengi. Herufi ni kubwa na zimepangwa katika safu mbili, hivyo watu wawili walioketi bega kwa bega wanaweza kusoma pamoja bila kugombania taa, na mama mkwe wangu huisoma bila kutafuta miwani. Matini ni ya tafsiri ya mwaka 1952, ambayo baadhi ya wenzetu huiona nzito. Sisi tumeipenda kwa sababu sentensi zake zinasomeka vizuri kwa sauti, na Biblia ya ukubwa huu kazi yake hasa ni kusomwa kwa sauti. Uzito wake ni zaidi ya kilo mbili, kwa hiyo asitarajie mtu kuibeba kwenda ibadani au kuisoma akiwa amelala chali. Karatasi za matini ni nyembamba kiasi kwamba maandishi ya upande wa pili huonekana kama kivuli, jambo ambalo haliepukiki katika kitabu chenye sura 1,189, lakini hapa limezidi kidogo, na anayependa kupigia mstari aya zake kwa wino ataujutia uamuzi huo mara moja.

Tulipofunga ndoa tulikubaliana kusoma sura moja kila usiku. Kwa hesabu hiyo Biblia nzima ingechukua miaka mitatu na takriban miezi mitatu, na kufikia leo tungekuwa tumeshavuka Agano la Kale. Tuko Isaya sura ya 40. Zaburi ya 119, yenye aya 176, peke yake ilitukalisha wiki nzima, kisha akaja mtoto, na kwa miezi kadhaa sura ya usiku ikawa aya tano zilizosomwa na yule ambaye bado macho yake yalikuwa wazi. Nataja haya kwa kuwa yanahusu bidhaa yenyewe: tepe mbili zilitufaa kuliko nilivyodhani, mmoja wa mfululizo wetu wa usiku na mwingine wa Zaburi tunazozirudia asubuhi. Utepe wa pili umebaki nusu, kwa sababu binti yetu aliuona kuwa ni chakula. Ncha iliyokatika ilianza kuchanua nyuzi hadi mume wangu alipoipitisha haraka karibu na moto wa kiberiti, ikayeyuka kidogo na kushikana. Njia hiyo inafaa kwa tepe za sintetiki tu, na ifanywe mbali na kurasa.

Jalada ndilo lililotuangusha kwanza. Katika mwezi wa kumi na nane, mgongo ulipasuka katikati ya Zaburi, mahali ambapo kitabu hufunguliwa mara nyingi kuliko pengine, na karatasi kadhaa zikatoka kama majani ya daftari la shule. Fundi wa kujalidi vitabu tuliyempelekea alituonyesha sababu yake kwa dakika moja. Kitabu kilichojalidiwa vizuri huwa na mafungu ya karatasi zilizokunjwa, na kila fungu hushonwa kwa uzi katika mkunjo wake kabla ya gundi kupakwa. Ukikitazama kwa juu, karibu na mgongo, utaona vikunjo vidogo vilivyopangana, na ukifungua katikati ya fungu utauona uzi. Biblia yetu haikuwa na uzi popote. Karatasi zote zilikuwa zimekatwa sawa upande wa mgongo na kushikwa kwa gundi peke yake, namna inayotosha kwa kitabu cha kusomwa mara moja na kuwekwa kabatini, lakini haitoshi kwa kitabu kinachofunguliwa kila siku na kinachotarajiwa kurithiwa. Fundi alifanya alichoweza, na kazi yake imedumu hadi sasa, isipokuwa kwamba pambizo za ndani zimepungua na baadhi ya maneno katika Zaburi yamezama kwenye mgongo. Ngozi bandia nayo imeanza kubanduka katika pembe. Kwa bidhaa inayotangazwa kuwa ni ya vizazi, hili ni kosa kubwa.

Sasa nifike kwenye zile kurasa nne, ambazo ndizo zilizotufanya tuinunue.

Desturi ya kuandika ndoa, kuzaliwa na kufa ndani ya Biblia ya nyumbani ni ya zamani, na wachapaji wa Uingereza na Marekani walianza kitambo kuweka kurasa maalumu kwa kazi hiyo kati ya maagano mawili. Thamani yake haikuwa ya moyoni tu. Mwaka 1836, Bunge la Marekani lilipopanua haki ya wajane wa askari wa Vita vya Uhuru kudai pensheni, mjane alitakiwa athibitishe kwamba alikuwa ameolewa na askari huyo, na wengi hawakuwa na hati yoyote ya serikali. Baadhi yao walichana kurasa za kumbukumbu kutoka katika Biblia zao na kuzituma pamoja na madai, na kurasa hizo zimo hadi leo katika majalada ya pensheni kwenye Nyaraka za Taifa za nchi hiyo. Kila ninapoukumbuka wino huo uliosomeka miaka yote hiyo, huutazama ukurasa wetu wa ndoa kwa aibu.

Ukurasa huo umechapwa kwenye karatasi ya kung'aa, yenye maua pembeni na mistari ya rangi ya dhahabu. Siku ya pili baada ya harusi, mume wangu aliandika majina yetu na tarehe kwa kalamu ya wino wa jeli, akapumzisha kiganja chake kidogo tu, na mwaka wa ndoa yetu ukaburutwa hadi kwenye ua la pembeni. Karatasi ya kung'aa hainywi wino. Wino hukaa juu yake, hukauka polepole, na huweza kufutika hata baadaye kwa unyevu wa kidole. Ni vigumu kuelewa jinsi mchapaji alivyochagua karatasi isiyoandikika kwa kurasa pekee katika kitabu chote zilizokusudiwa kuandikwa. Tangu hapo tumekuwa tukitumia kalamu yenye wino wa chembechembe za rangi, ule usiofifia wala kuyeyuka kwa maji, na huuacha ukurasa wazi kwa nusu saa kabla ya kufunga. Asiye na kalamu ya namna hiyo aandike kwa penseli bila wasiwasi, kwani grafiti haififii kwa mwanga kama zifanyavyo wino nyingi za kawaida. Jambo la kuepuka ni kubandika karatasi kwa selotepu: gundi yake hugeuka manjano, huingia ndani ya karatasi na kuacha doa lisilotoka. Picha za harusi na maua yaliyokaushwa nayo yasihifadhiwe humo, kwa maana yanaupanua mgongo ambao, kama nilivyoeleza, hauna nguvu ya kutosha.

Mpangilio wa kurasa hizo nao unadhihirisha kwamba aliyeubuni alikuwa na nyumba ya aina moja tu akilini. Chini ya kila jina la mtoto kuna mstari wa tarehe ya kuzaliwa na, mara tu baada yake, mstari wa tarehe ya ubatizo. Mume wangu alilelewa katika kanisa linalobatiza watoto wachanga. Mimi nimetoka katika kanisa linalosubiri mtu aamini mwenyewe na kubatizwa kwa maji mengi, ambapo mtoto mchanga huwekwa wakfu tu mbele ya waumini. Suala hili tulikuwa tumelizungumza na wachungaji wa pande zote mbili kabla ya ndoa, tukakubaliana kwamba watoto wetu watawekwa wakfu na kusubiri. Hata hivyo, ule mstari mtupu chini ya jina la binti yetu umeshazua maswali kutoka kwa kila mgeni wa upande wa mume wangu aliyefungua ukurasa huo, nami nimechoka kuyajibu. Nafasi isiyo na kichwa cha habari ingetutosha. Tungeandika wenyewe lililofanyika.

Kasoro iliyotuumiza zaidi sikuitarajia. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa yetu mimba yetu ya kwanza iliharibika. Majuma kadhaa baadaye, mume wangu alitaka tuiandike katika Biblia, na hatukuona mahali. Ukurasa wa watoto unataka jina na siku ya kuzaliwa. Ukurasa wa vifo unataka jina, siku ya kufa na umri. Mimi nilisema tuache, kwa kuwa sikutaka kila atakayefungua kitabu asome msiba wangu. Yeye alisema kuacha ni sawa na kusema halikutokea. Tulibishana kwa upole, kisha bila upole. Mama mkwe wangu, ambaye hukaa nasi mara kwa mara, alikuwa amesikia bila sisi kujua. Asubuhi yake aliniambia, "Mwanangu, andikeni. Mimi ninaye wa namna hiyo, ana miaka thelathini na minne sasa, na hakuna aliyemwandika." Sikuwa nimewahi kulisikia jambo hilo, na mwanawe pia hakuwa amelisikia.

Tuliandika nyuma ya ukurasa wa ndoa, kwenye upande mweupe usio na mistari wala maua: mwezi, mwaka na sentensi moja. Mama alituomba tuongeze ya kwake chini yake, na mume wangu akaandika kwa hati yake bora kuliko zote. Upande huo mtupu, ambao nadhani mchapaji aliuacha kwa sababu hakuwa na la kuweka, ndio umekuwa ukurasa wetu wenye maisha mengi. Humo ipo siku tuliyohamia katika nyumba tunayoishi na jina la mzee wa kanisa aliyetuombea mlangoni. Ipo siku mume wangu alipopata kazi baada ya miezi mitano ya kusubiri. Ipo siku binti yetu alipotoka hospitalini akiwa mzima. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mchapaji aliitengea mstari.

Kuhusu idadi, ukurasa wa watoto una mistari kumi na miwili, ambayo naamini haitatuhusu yote, na ukurasa wa ndoa una nafasi moja tu, jambo linalofanya Biblia hii isiweze kupokea ndoa za watoto wetu hapo baadaye. Wachapaji wangefanya vema kupunguza maua na kuongeza karatasi nane za kawaida, zisizong'aa, zilizoshonwa pamoja na kitabu.

Je, ningeinunua tena? Hii yenyewe, hapana. Ningenunua ya aina hii iliyoshonwa kwa uzi, hata kama jalada lake ni la kitambaa na kingo zake hazina dhahabu, na hata kama ingenilazimu kusubiri miezi kadhaa baada ya harusi. Wachumba wanaotaka kusomea tu hawaihitaji. Biblia ndogo ya kawaida itawafaa zaidi kitandani, safarini na ibadani. Wanaotaka kuandika waiombe dukani ifunguliwe kati ya Malaki na Mathayo kabla ya kulipa, wapapase karatasi kuona kama inateleza, waangalie kama nyuma yake pameachwa weupe, kisha wageuze kitabu na kutazama mgongo kwa juu. Muuzaji akikataa kuitoa katika plastiki yake, waende kwa mwingine.