Losheni ya mbu yenye DEET asilimia 30: miezi minne nikiitumia ufuoni Usenge

Mimi huuza omena katika soko la Gikomba, Nairobi. Mara mbili kwa mwezi, gizani mwezi usipoonekana, napanda basi la usiku hadi Bondo, kisha matatu mpaka Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Omena huvuliwa usiku: wavuvi huwasha taa ziwani, samaki wakafuata mwanga, mashua zikatua alfajiri. Ukitaka mzigo safi kabla madalali hawajaugusa, ni lazima ulale hapo hapo ufuoni. Hapo ndipo mbu wanapokupatia.

Wenzangu wa Usenge hunishangaa ninavyougua haraka. Wao wameumwa na mbu hao tangu utotoni na miili yao imezoea kiasi. Mimi nimezaliwa na kulelewa Kariokor, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, baridi yake haiwafai mbu wa malaria. Kwa hiyo nikishuka ziwani nashuka kama mgeni. Mwezi wa nne nililala kitandani wiki mbili. Nilimeza tembe 24 za AL, dawa ya malaria, kwa siku tatu, kibanda kikafungwa, wateja wangu wa hoteli wakahamia kwa wengine, na mpaka leo wawili hawajarudi.

Na nilikuwa nimejipaka! Nilikuwa na mafuta niliyouziwa katika duka moja hapa mjini, kopo la kupendeza, harufu ya mchaichai, picha ya mbu aliyekatwa kwa mstari mwekundu. Baada ya saa moja hivi walinirudia kana kwamba sijapaka kitu. Nilipopona nililichukua kopo lile nikalipeleka kwa mzee mwenye duka la dawa karibu na kwetu, ambaye zamani alikuwa mhudumu wa afya jeshini. Aligeuza kopo huku na huku, akaniuliza, "Mama, nambari iko wapi?" Haikuwepo. Hakuna mahali palipoandikwa dawa ni ipi wala ni kiasi gani.

Akanitolea hii ninayoizungumzia: losheni nyeupe, chupa ya mililita 100, shilingi 900, na mbele imeandikwa wazi jina la dawa na kiasi chake: DEET asilimia 30.

Alichonifundisha siku hiyo ndicho nataka kila anayeshuka ziwani au pwani akijue. Ile asilimia haikuambii ukali, inakuambia muda. Ya asilimia 10 hukulinda kama saa mbili, ya 30 kama saa tano. Ukipita 50 huongezi kitu cha maana, unalipia bure. Tena dawa hii haiui mbu. Inamvuruga kunusa, akose kuitambua ngozi yako, ndiyo maana sehemu uliyoisahau, kisigino au nyuma ya sikio, ataipata tu. Mimi niliumwa kwenye vifundo vya miguu safari ya kwanza kwa sababu hiyo.

Nilimuuliza mzee mbona anaijua hivi. Akasema jeshi ndilo lililoileta. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, malaria iliwaangusha wanajeshi kwa maelfu katika misitu ya Asia na visiwa vya Pasifiki, na jeshi la Marekani likaendelea kutafuta kitu cha kujipaka hadi likapata DEET mwaka 1946. Raia walianza kuuziwa 1957. Hata zile tembe zangu za AL, akasema, mzizi wake ni vita: mwaka 1967 China ilianzisha utafiti wa siri wa kuwatafutia dawa wanajeshi wa Vietnam waliokuwa wakifa kwa malaria, na humo ndimo mwanasayansi Tu Youyou alipoitoa kwenye mmea artemisinini, chimbuko la AL. Alipewa Tuzo ya Nobel 2015.

Nilirudi nyumbani nikiwaza mtaa wangu. Kariokor ni jina la Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza kupigana na Wajerumani huko Tanganyika, vita vya 1914 hadi 1918. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao maradhi ndiyo yaliyowaua, malaria na kuhara damu, si risasi. Chupa hii ilichelewa karibu miaka 30 kuwafikia. Inaniuma kila nikipita sokoni pale.

Ninavyoitumia: saa kumi na mbili jioni najipaka mikono, miguu, shingo. Saa tano usiku narudia, kisha naingia ndani ya neti, kwa sababu mbu wa malaria hupenda sana kuuma usiku wa manane, na losheni haiwezi kushika nafasi ya neti. Saa kumi alfajiri, mashua zikikaribia, napaka tena. Ukitokwa na jasho jingi au ukiingia majini, rudia mapema. Chupa moja hunifikisha miezi miwili.

Kasoro zipo. Inanata, na ukila samaki kwa mkono hujanawa vizuri, midomo inakufa ganzi na uchungu wake haushuki upesi. Inakula plastiki: kikokotoo changu kimeota alama za vidole vyangu kwenye kioo, na rangi ya kucha ililainika yote. Shikeni simu kwa mkono uliofutwa. Na kifuniko cha chupa hakikazi sawasawa. Safari ya pili ilimwagika ndani ya mkoba.

Lakini tangu mwezi wa tano nimepimwa damu mara mbili, sina malaria. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeizuia kwa sababu ya kifuniko.

Alhamisi nashuka tena na nimenunua chupa mbili. Ya pili ni ya dada anayenianikia omena, anayekaa kando ya taa hadi usiku na mtoto mgongoni. Mtoto ana mwezi mmoja tu, na mzee amesema chini ya miezi miwili hapakwi, kwa hiyo yeye nimemfungia kineti cha kumfunika.