Beringi za nyuma za pikapu: nimebadilisha mara mbili, uzoefu wangu

Wakuu nianze na sauti maana ndiyo ilinisumbua sana. Pikapu yangu ilianza kuvuma nyuma kuanzia spidi ya 60 hivi, ukiongeza mwendo na yenyewe inaongeza, nikadhani ni tairi nikahamisha za nyuma nikaweka mbele, wapi, mvumo uko palepale. Kona ndo ilinionyesha, nikikata kulia sauti inazidi nikikata kushoto inapungua, uzito unaegemea upande wa nje wa kona kwa hiyo beringi mbovu ilikuwa ya kushoto.

Gereji ya kwanza walichomoa shafti, wakakata kwa grainda ile ringi inayobana beringi, halafu mpya wakaigongelea kwa nyundo na kipande cha bomba. Sili, ile ya kuzuia oili isivuje, wakarudisha ileile ya zamani. Nilikuwa nimesimama pale naona nikanyamaza, linaniuma mpaka leo. Miezi minne tu mvumo huo umerudi, na safari hii oili ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) imevuja mpaka kwenye brekishuu, hendibreki haishiki kabisa.

Mara ya pili nikanunua seti kamili, beringi na sili na ringi ya kuibana, nikatafuta fundi mwenye mashine ya presi. Aisee tofauti ni kubwa mno! Beringi inasukumwa kwenye ringi yake ya ndani, ile inayokaa kwenye shafti, ukisukuma ya nje nguvu yote inapita kwenye gololi na zinakuwa zimeshaumia hata gari halijatembea. Huyu fundi akakagua na kitu ambacho sikuwahi hata kukifikiria, kipumulio cha difu kilikuwa kimeziba kwa tope, sasa difu likipata moto presha haina pa kutokea inasukuma oili kwenye sili. Akakizibua, brekishuu tukaweka mpya maana zikishalowa oili hazifai tena, akatoa upepo kwenye breki kwa sababu paipu ilifunguliwa, akaongeza na oili ya difu iliyopungua.

Kazi ilichukua karibu siku nzima, na naisifu kwa moyo wote. Nimeshatembea kilomita 9,000 na mara nyingi nina mzigo, nikisimama napitisha mkono kwenye rimu zote mbili za nyuma joto ni sawa, na nikiwa 100 namsikia wa pembeni yangu anaongea bila kupaza sauti.